Ukili wa Darasa la Nne

Siku ya kwanza Bibi hakuja na ukindu. Alikuja na kuti bichi la mnazi, amelibeba begani kama mtu anayekwenda kuezeka, akalilaza chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa, akatandika mkeka wake na kuketi amenyoosha miguu. Watoto wa darasa la nne wakamwamkia kwa sauti moja. Akaitikia, akawatazama mmoja mmoja, kisha akawaambia kila mtu achomoe jani lake atengeneze kitu anachokijua.

Mwalimu wao alikuwa amesimama kando na daftari la maandalio, akisubiri somo lianze. Somo lilikuwa limeshaanza. Saa ya mkono ndiyo iliyomalizika mapema kuliko vyote: jani limetolewa uti, vipande viwili vikapishana mara tano au sita hadi vikawa mraba mdogo, na ncha zake zikafungwa chini ya kifundo cha mkono. Ikafuata miwani. Ikafuata pete, na nyoka wa kukunja ambaye ukimvuta mkia anarefuka na ukimwachia anajirudi. Msichana mmoja alitengeneza kipepeo chenye mabawa manne, akakichomeka kwenye chelewa na kukimbia nacho hadi kwenye mlingoti wa bendera ili kipate upepo. Watoto wawili, kimyakimya, walikuwa wakisuka mpira, ule wenye pembe kama boksi, ambao hata watu wazima wengi wa pwani wameshasahau unaanzia wapi.

Bibi alipokea kila kitu kwa mikono miwili. Alipopewa saa hakuitazama kwa mbele. Aliigeuza, akaangalia mgongo wake, akapitisha kidole gumba juu ya mapishano, ndipo akairudisha. Alifanya hivyo kwa saa, kwa pete, kwa mpira. Baada ya muda watoto nao wakaanza kumpa vitu vikiwa vimeshageuzwa.

Shule hii iko katika bonde la Rufiji, upande wa chini ambako mto unaanza kugawanyika kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia. Ni nchi ya maji na matope, na mikindu inapenda mahali pa namna hiyo. Huota kwa mafungu, mashina kadhaa kutoka shina moja, pembezoni mwa mito na mabwawa. Kwa hiyo ukindu hauna haja ya kununuliwa mbali, na karibu kila nyumba ina mwanamke anayesuka au aliyewahi kusuka. Hata hivyo watoto wanaoujua ukili wenyewe, ule msuko wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ni wachache. Wameulalia tangu wazaliwe, wameukalia wakila, wameona maiti akifunikwa kwa mkeka njiani kwenda makaburini, lakini mikono yao haijaushika.

Nami nilipita katika shule ya msingi bila mikono yangu kuushika, ingawa kwenye ripoti yangu ipo alama ya kusuka. Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ilitaka shule na kazi ya mikono viwe kitu kimoja. Wazo lile lilikuwa zuri, na bado naliona zuri. Lakini katika shule niliyosoma mimi lilikuwa limefupishwa likawa amri: Ijumaa kila mwanafunzi alete ufagio; Ijumaa nyingine kila mwanafunzi alete kikapu. Hakuna aliyetuonyesha kikapu kinaanzaje. Mama yangu alikinunua sokoni, nikakipeleka, nikapewa alama nzuri, na vikapu vyetu vikarundikwa stoo. Nilijisikia vibaya siku ile na sijaacha kujisikia vibaya. Baadaye kazi hizi zikaitwa Stadi za Kazi, leo zimo katika somo la Sanaa na Michezo, na jina lolote liwalo, kinachotakiwa ni mtu wa kuketi chini na mtoto na kumwonyesha inavyoanza. Ndiyo maana niliposikia kwamba mwalimu mmoja amemwomba jirani yake mzee aje kila wiki chini ya mwembe, niliomba niruhusiwe kuketi pembeni nitazame.

Wiki ya pili ukindu ukaja. Ulikuwa umeshakatwa na kukaushwa, kwa sababu ukataji si kazi ya watoto. Kinachotafutwa ni kuti changa la katikati, lile lililosimama wima kama mkuki kabla majani yake hayajafunuka, na ili ulifikie lazima upite kwenye miiba, maana majani ya chini ya kuti la mkindu ni miiba mitupu, mirefu na migumu. Bibi huwatuma wanawe wakubwa wenye panga. Makuti yakishafika nyumbani, majani huchomolewa, hufungwa vichopa na kuanikwa. Siku za kwanza huwa kijani, kisha kijani kinaondoka polepole, na baada ya jua la kutosha majani yanabaki na weupe wa maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukikata jani lililokwisha kukomaa halifiki kwenye weupe huo, na rangi nayo hailikubali sawasawa.

Rangi walipika shuleni, na hiyo ndiyo siku ambayo hakuna mtoto aliyekosa. Mafiga matatu, sufuria kuukuu iliyokwisha kustaafu upishi, maji yakichemka, na vipakiti vya rangi ya unga kutoka dukani: zambarau, nyekundu, kijani. Bibi alimwaga unga kidogo mno. Watoto wakalalamika kwamba maji hayajawa mekundu vya kutosha. Hakuwajibu. Alichovya uchane mmoja, akahesabu kwa sauti pamoja nao hadi hamsini, akautoa na kuuning'iniza kwenye tawi. Ukiwa umelowa ulionekana mweusi kama damu iliyoganda. Ulipokauka, ulikuwa mwekundu wa pilipili. Basi wakajua kwamba rangi ya ndani ya sufuria si rangi ya kwenye mkeka, na kwamba anayetaka kujua lazima asubiri jua lifanye sehemu yake. Vichopa vilivyobaki vilizamishwa kimoja kimoja, vikageuzwa kwa kijiti ili pande zote zipate, vikaanikwa kwenye kamba ya kupandishia bendera ambayo mwalimu aliiteremsha kwa ajili hiyo.

Halafu ikaja kazi ya kuchana, na hapo kelele zikaisha.

Jani la ukindu ni jembamba na refu, limekunjwa kidogo katikati kwenye uti wake. Kulichana ni kulitoa uti huo, kuondoa kingo ngumu, kisha kugawa kilichobaki katika chane za upana mmoja. Bibi hutumia ukucha wa kidole gumba. Anauchomeka karibu na kitako cha jani, anasukuma kidogo, halafu hauhamishi mkono wenye ukucha. Anavuta jani kwa mkono wa pili, nalo linafunguka lenyewe likifuata nyuzi zake hadi nchani. Nilimtazama akichana zaidi ya majani ishirini bila kuangalia hata moja. Kila uchane ulitoka na upana uleule, kiasi cha punje ya mchele iliyolazwa.

Watoto walipewa sindano, kwa kuwa kucha zao bado laini. Makosa yao yalikuwa ya aina moja: walisukuma sindano badala ya kuvuta jani, na sindano ilipotoka njiani uchane uliishia katikati, umechongoka kama mwiba. Chini ya mwembe pakajaa vipande vifupi. Mwalimu alitaka kuwaonya wasiharibu. Bibi akasema, "Waache, mwanangu. Ukindu upo mwingi kule mtoni. Mkono wa mtoto ni mmoja." Akaviokota vile vipande vifupi, akavitia kwenye kikapu chake. Wiki mbili baadaye nilivikuta vimekuwa vifagio vidogo vya kufutia ubao, kimoja kwa kila darasa.

Kusuka kwenyewe kulianza kwa chane saba. Wengi wetu tungedhani mtoto angeanza na tatu, kama msuko wa nywele. Bibi alikataa: tatu wanazijua, na mtu haanzi kujifunza kwa anachokijua. "Iwe witiri," alisema, "tano, saba, tisa, mpaka kumi na tatu ukipenda. Shufwa huwa na mambo yake, tutaiona baadaye." Watoto wakatazamana kwa furaha, maana namba witiri na namba shufwa zilikuwa zimeandikwa ubaoni kwao wiki hiyohiyo katika Hisabati, na hawakutegemea kuzisikia mdomoni mwa bibi wa kusuka ukili.

Chane saba hukunjwa na kupishanishwa mwanzoni ili zishikane, kisha hubanwa chini ya kidole kikubwa cha mguu. Nne zinaelemea kulia, tatu zinaelemea kushoto. Unachukua ile ya mwisho kabisa upande wa kulia, unaikunja ukingoni irudi ndani, inapita juu ya moja, chini ya moja, juu ya moja, inafika katikati na kujiunga na za kushoto. Sasa kushoto zimekuwa nne na kulia tatu. Unachukua ya mwisho kushoto, unafanya vivyo hivyo kurudi kulia. Nne na tatu, tatu na nne, na kila unapokunja, ukingo mmoja unakaza na ukili unaongezeka kwa upana wa punje ya mchele. Hakuna kingine. Ukili wote wa pwani hii, ule wa msala wa kusalia, wa kawa la kufunikia chakula, wa mkeka wa bi harusi wenye rangi nne, umezaliwa na mwendo huo na ndugu zake.

Ugumu uko katika mambo ambayo maelezo hayayafikii. Mkunjo wa ukingoni ukikazwa mno, ukili unapinda kama upanga. Ukilegezwa, ukingo unafanya masikio. Uchane ukikauka, unapasuka kwenye mkunjo. Kwa hiyo kando ya kila mtoto palikuwa na kifuu cha maji, anachovya vidole viwili na kuvipitisha juu ya kazi, si sana, kwa kuwa ukindu ulioloweshwa mno ukishakauka husinyaa na kuacha matundu. Vidole gumba vinabana, vidole vya shahada vinachagua, na macho, kwa wanaojua, hayana kazi kubwa.

Kila mtoto alipewa uchane mmoja wa rangi kati ya saba. Bibi hakueleza kwa nini. Baada ya nusu saa msichana aliyevaa hijabu iliyopauka, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alipaza sauti: "Inatembea!" Ule uchane wa zambarau ulikuwa ukienda upande kwa upande, unagusa ukingo wa kulia, unakatiza, unagusa wa kushoto, unarudi, kama nyoka juu ya mchanga. Mwalimu akachuchumaa, akawaambia wahesabu ni mikunjo mingapi hupita kabla zambarau haijafika ukingo wa pili. Wakahesabu mara tatu kuhakikisha. Kila mara mkunjo wa saba ndio uliokuwa wa zambarau. Akawauliza, je, mngesuka kwa chane tano, ingekuwa mkunjo wa ngapi? Wapo waliosema saba palepale, wapo waliosema tatu. Yule msichana hakujibu. Alichukua chane tano, akaanza upya pembeni, akahesabu kwa kugusa midomo, akainua kichwa na kusema tano. Kisha, bila kuulizwa: "Na tisa itakuwa tisa." Nimesoma hesabu kwa miaka mingi na sikumbuki siku ambayo kanuni ilinifikia kupitia vidole namna ile.

Kulikuwa na mvulana mmoja mwenye shoto. Sitamsahau. Kwa wiki mbili nzima ukili wake haukuenda. Alikuwa akiketi kando ya Bibi, bega kwa bega kama wenzake, akitazama mkono wa kulia wa Bibi ukikunja, na alipojaribu kuufuata kwa wa kushoto kila kitu kiligeuka: alipaswa kwenda juu akaenda chini, na chane zikafungamana. Kwetu mkono wa kushoto una sifa mbaya, na niliwasikia wenzake wawili wakimwambia ashike kwa mkono wa kulia kama watu. Bibi alisikia pia. Alimaliza shibiri aliyokuwa akisuka, akainuka kwa shida akiegemea bega la mtoto mwingine, akahamisha mkeka wake na kwenda kuketi mbele ya yule mvulana, uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana. "Haya, mume wangu," akamwambia, kama bibi anavyomwita mjukuu, "sasa mimi ni kioo chako."

Akasuka polepole. Mkono wake wa kulia ulipokunja, wa kushoto wa mtoto ulikunja mkabala wake. Mtoto alipokosea, Bibi hakumsahihisha kwa maneno. Alisimamisha mikono yake mwenyewe na kungoja. Mtoto alitazama huku na huku, akaona mahali njia zao zilipoachana, akafumua. Mara nyingine alifumua mkunjo mmoja, mara nyingine kumi. Mzee aliye mbele yake alifumua pamoja naye, kazi yake ambayo haikuwa na kosa lolote, mkunjo kwa mkunjo, hadi wote wawili wakarudi mahali pamoja, ndipo wakaanza tena. Nilihesabu mara tisa kisha nikaacha kuhesabu. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimehama na jua likimpiga Bibi mgongoni. Hakuhama, maana angehama, kioo kingehama naye.

Uchane unapokaribia kwisha huungwa. Sehemu hii watoto waliipenda kuliko nilivyotegemea. Unachukua uchane mpya, unaulaza juu ya ule unaokwisha, mbili zinatembea pamoja kama mtu mmoja kwa mapishano kadhaa, kisha wa zamani unaachwa utokeze ncha yake upande wa chini na mpya unaendelea peke yake. Upande wa juu hupaoni palipoungwa. Upande wa chini ukili unakuwa na manyoya ya ncha nyingi, na hizo hazikatwi mpaka mwisho, kwani ncha ikikatwa mapema huchomoka. Siri ya msukaji ni kutounga chane mbili mahali pamoja, la sivyo ukili unapata fundo. Anayesuka vizuri anaanza na chane za urefu tofauti makusudi, ili zisiishe siku moja.

Ukili ulipoanza kurefuka uliviringwa ukafungwa kwa kamba, na kila mtoto akawa na mviringo wake wenye jina kwenye kipande cha karatasi. Bibi aliwaambia kwamba kitanga cha kuwekea sahani kubwa kinataka ukili wa pima mbili. Pima ni urefu wa mikono iliyotandazwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Watoto wakatandaza mikono, wakapima, wakashangilia kuwa wamefika. Bibi akatandaza yake. Ukili wa yule msichana wa hesabu, pima mbili zake kamili, ukawa pima moja na nusu ya Bibi, na kidogo zaidi. Palikuwa na kimya cha uchungu kabisa. Bibi akawafundisha vipimo vyake vyote palepale: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima, naye mwalimu akaleta rula ya mita na kuandika chini, kwa mchanga, shibiri ya kila mmoja ni sentimita ngapi. Kisha wakarudi kusuka kilichopungua. Iliwachukua vipindi viwili vingine. Sikusikia aliyeomba kipimo kipunguzwe.

Kushona ndiko kunakotenganisha ukili na mkeka. Uzi wenyewe ni ukindu uliosokotwa juu ya paja, na sindano ni shazia, ile kubwa ya kushonea magunia. Mikunjo ya ukingoni, ile iliyowasumbua tangu siku ya kwanza, sasa ikaonyesha kazi yake: kila mkunjo ni kitanzi kidogo. Kingo mbili zinawekwa sambamba, mkunjo wa huku ukiingia katikati ya mikunjo ya kule kama meno ya zipu, na shazia inapita ndani ya vitanzi hivyo, kimoja cha huku, kimoja cha kule, bila kutoboa jani lolote. Uzi ukivutwa unapotea. Ukitazama mkeka mzuri huoni mshono. Unaona msuko mmoja mpana kana kwamba ulisukwa na mtu mwenye vidole mia.

Kitanga hushonwa kwa mzunguko kuanzia katikati, na hapo ndipo mkono unapopimwa. Ukingo wa ndani una njia fupi na wa nje una njia ndefu, ingawa ni ukili uleule. Lazima ule wa ndani usongamanishwe kidogo, kitanzi kimoja kirukwe hapa na pale kwa makusudi, mwanya uachwe kwa wa nje. Ukikaza mno kitanga kinaanza kuinuka katikati. Cha mtoto mmoja kiliinuka kabisa, kikawa bakuli. Alikikandamiza kwa goti, kikainuka tena. Bibi alikichukua, akakigeuza kama kawaida yake, akapitisha kidole, akasema mishono ni mizuri, akaze hivihivi, asibadilishe chochote, aongeze pima moja. Wiki iliyofuata lilikuwa kawa, la kwanza darasani, na wote wakataka kujua alilifanyaje.

Siku ya mwisho niliyohudhuria, vitanga kumi na saba vilikuwa vimelazwa juu ya mkeka. Kumi na sita vilizunguka upande mmoja. Kimoja kilizunguka upande wa pili, na nyoka wake wa kijani alikuwa akielekea kinyume na nyoka wa wenzake. Mwenyewe alikuwa bado anakata ncha za chini kwa wembe, akiubana mlalo ili asiguse msuko, ncha zikidondoka kama ndevu mapajani pake. Alipomaliza alipiga kitanga chake na goti mara mbili kikakung'utika. Ulikuwa wakati wa kukipeleka kwa Bibi.

Hakukipeleka. Alikigeuza mwenyewe, akapitisha kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, mzunguko kwa mzunguko, taratibu. Kwenye mzunguko wa tatu kutoka ukingoni kidole kikasimama. Akainamisha kichwa, akapasogeza jichoni. Kitanzi kimoja kilikuwa kimerukwa pasipotakiwa, na kwa juu hakikuonekana. Akakaa nacho kidogo. Kisha akaitafuta shazia kwenye mkeka, akainua mwisho wa uzi kwa ncha yake, akaanza kufumua, mizunguko yote mitatu.

Bibi alikuwa anamtazama. Hakusema kitu. Alisogeza miguu yake ndani ya kivuli, akachomoa jani moja kwenye kichopa, akalichomeka ukucha karibu na kitako na kuanza kulivuta.